Mizani Kabla ya Kiwanda: Ng'ombe wa Mwamapalala na Safari ya Nyama

Mkulima wa Mwamapalala, katika Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu, huuza mali zake mbili kubwa kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo. Pamba huipeleka kwenye chama cha msingi cha ushirika. Karani huitazama na kuitenga, safi kando na fifi kando. Huiweka juu ya mizani. Huandika kilo katika daftari na katika stakabadhi. Na bei ya kilo moja imekwisha kutangazwa tangu msimu ulipofunguliwa. Mkulima huenda akalalamika kwamba bei ni ndogo, au kwamba mizani ina hila, na si mara chache malalamiko hayo ni ya haki. Lakini walau kipo kipimo cha kulalamikia.

Ng'ombe ni habari nyingine. Mfugaji yule yule huamka alfajiri akamswaga maksai wake kilometa nyingi hadi mnadani, naye maksai hufika ana kiu na tumbo limebonyea. Mnunuzi humzunguka mara moja, hutazama nundu, hupapasa ubavu, hutaja bei. Dalali hupeleka maneno huku na huku. Mfugaji hana mizani, hana daraja, hajui nyama inauzwaje Mwanza au Dar es Salaam wiki hiyo. Na jua likipanda hana budi kuchagua kati ya bei aliyotajiwa na kumrudisha mnyama nyumbani kwa njia ile ile. Kwa kawaida huuza. Na mara nyingi mnyama huyo mmoja ana thamani kuliko pamba ya ekari nzima.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye ng'ombe wengi kabisa barani Afrika; idadi yao imekwisha kupita milioni 30, na zaidi ya tisa katika kila kumi wamo mikononi mwa wafugaji wadogo kama hao wa Mwamapalala. Kila jambo hili linapozungumzwa, bungeni, magazetini au katika midahalo ya shule, jibu linalotolewa ni moja: ijengwe mitambo ya kusindika nyama. Jibu hilo linapendeza kwa sababu kiwanda huonekana kwa macho na huweza kufunguliwa kwa kukata utepe. Walakini historia ya zaidi ya nusu karne yaonyesha kwamba limeanzia mwisho wa safari badala ya mwanzo wake.

Viwanda vilivyokufa njaa

Kabla ya mwaka 2012, Mkoa wa Simiyu ulipoundwa, Mwamapalala ilikuwa katika Wilaya ya Bariadi, na Bariadi ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Basi wazee wa huko hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mjini Shinyanga, katika miaka ya 1970, shirika la Tanganyika Packers lilianza kujenga kiwanda cha nyama katikati ya eneo lenye ng'ombe wengi kuliko sehemu nyingi za nchi. Majengo yalisimama. Kazi iliyokusudiwa haikufanyika, na kwa miongo kadhaa wafugaji waliendelea kupitisha mifugo yao karibu na kuta hizo wakielekea minadani, ambako wanyama walipakiwa wakiwa hai na kusafirishwa zaidi ya kilometa 900 hadi Dar es Salaam.

Kiwanda kikubwa cha shirika hilo kilikuwa Kawe, Dar es Salaam. Tanganyika Packers ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ubia wa Serikali ya kikoloni na kampuni ya Liebig, ile ile iliyokuwa imejenga jina lake kwa nyama ya Fray Bentos huko Uruguay. Nyama ya makopo ya Kawe ilisafiri hadi Uingereza. Mitambo ilikuwa mizuri na wafanyakazi walikuwa hodari. Kilichokosekana, mwaka baada ya mwaka, ni ng'ombe: kiwanda kilichinja pungufu sana ya uwezo wake, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikafungwa. Eneo lake leo wakazi wa Dar es Salaam wanalijua zaidi kwa mikutano ya hadhara.

Kiwanda kinawezaje kufa njaa katika nchi iliyojaa ng'ombe? Mwanafunzi anaweza kulipata jibu kwa hesabu ndogo. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba gharama za lazima za kiwanda kwa siku, yaani mishahara, umeme, makaa na ulinzi, ni shilingi milioni 4, zikilipwa hata kama hakuna kilichochinjwa. Wakiingia ng'ombe 200, kila mmoja hubeba mzigo wa shilingi 20,000. Wakiingia 20, kila mmoja hubeba 200,000. Kiwanda chenye mzigo wa pili hakiwezi kumlipa mfugaji bei nzuri. Mfugaji akipewa bei mbaya humpelekea mwenye bucha. Ng'ombe wanaoingia hupungua zaidi. Na mzigo wa kila mmoja hupanda tena. Ndivyo ilivyokuwa Kawe. Kiwanda kilibanwa na bei ya makopo katika soko la nje na, baadaye, na maagizo ya viongozi kuhusu bei ya kununulia, huku wachinjaji wa mjini wakiwa tayari kuongeza fedha kidogo na kulipa taslimu. Mfugaji alifanya uamuzi ambao mtu yeyote mwenye akili timamu angeufanya.

Haikuwa kwamba Serikali haikuliona tatizo hilo. Katika miaka ya 1970 iliundwa Mamlaka ya Maendeleo ya Mifugo, LIDA, ili ranchi za taifa, kampuni ya kununua mifugo minadani na viwanda vya nyama viwe chini ya mwavuli mmoja. Katika karatasi ulikuwa ni muungano kamili, kutoka majani hadi kopo. Kasoro yake ilikuwa moja, nayo ilitosha: wenye ng'ombe hawakuwamo. Ranchi zote za taifa zilikuwa na sehemu ndogo sana ya mifugo ya nchi; waliobaki walikuwa Usukuma, Umasai na Ugogo, kwa watu ambao hakuna aliyeketi nao kukubaliana juu ya idadi, wakati, uzito wala malipo. Mwavuli ulifunika ofisi.

Kenya, yenye Tume yake ya Nyama tangu mwaka 1950 na kiwanda kikubwa Athi River, ilipita njia inayofanana na hiyo. Huko kilio cha wafugaji kilikuwa hasa kucheleweshwa kwa malipo. Tume ilisimama katika miaka ya 1990, ikafufuliwa mwaka 2006, na mwaka 2020 ikawekwa chini ya Wizara ya Ulinzi.

Uratibu ni kitu gani?

Mwaka 1937 mwanauchumi kijana wa Uingereza, Ronald Coase, aliuliza swali linaloonekana la kitoto. Ikiwa soko linaweza kumkutanisha muuzaji na mnunuzi wa kila kitu, kwa nini basi kuna makampuni? Kwa nini watu wasinunue na kuuziana kila hatua ya kazi? Jibu lake, ambalo miaka mingi baadaye, mwaka 1991, lilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel, ni kwamba kulitumia soko kwenyewe kuna gharama: gharama ya kumtafuta mwenzako, ya kupatana, ya kuhakikisha kwamba hakukudanganya. Gharama hizo zikiwa kubwa, watu huacha kukutana sokoni kama wageni. Hufungana kwa mkataba, huunda ushirika, au mmoja humnunua mwenzake na kuzifanya hatua zote kuwa mali moja.

Nyama ni bidhaa ambayo gharama hizo ni kubwa kupita kiasi. Gunia la mahindi laweza kungoja. Ng'ombe aliyefikishwa mnadani hupungua uzito kila saa, na aliyekwisha kuchinjwa huanza kuharibika jua lile lile. Tena sifa zake nyingi zimefichika. Nani ajuaye, kwa kumtazama tu, kwamba mnyama huyu alidungwa dawa ya oksitetrasaiklini wiki iliyopita, na kwamba kwa baadhi ya aina za dawa hiyo nyama yake haipaswi kuliwa hadi wiki nne zipite? Mfugaji anajua. Mlaji wa Kariakoo hajui, na kati yao wamepita watu watano au sita ambao hakuna aliyemwuliza wa nyuma yake.

Mwanauchumi mwingine, George Akerlof wa Marekani, alionyesha mwaka 1970 hatari iliyomo humo, akitumia mfano wa magari yaliyokwisha kutumika. Pale ambapo mnunuzi hawezi kutofautisha kizuri na kibaya, hutoa bei ya wastani. Mwenye kizuri huona anapunjwa, akakiondoa sokoni. Na vilivyobaki vikawa vibaya. Mnada wa macho una tabia hiyo hiyo. Mfugaji aliyemlisha maksai wake miezi mitatu akamwongezea kilo 50 hupata ziada, lakini ziada isiyolingana na lishe aliyonunua, kwa sababu kilo hizo hazikuhesabiwa na mtu. Mwaka unaofuata hatalisha. Kisha huandikwa ripoti kwamba wafugaji wa kienyeji hawapendi kunenepesha mifugo.

Nchi nyingine zilifunga mnyororo huu kwa njia zao. Mwishoni mwa miaka ya 1870, Gustavus Swift, mfanyabiashara wa Chicago, alichoka kulipa nauli ya treni kwa kwato, pembe na tumbo. Zaidi ya nusu ya uzito wa ng'ombe aliyesafirishwa hai kwenda miji ya mashariki haikuwa nyama ya kuuza. Akaamua kuchinja Chicago na kupeleka nyama katika mabehewa yenye barafu. Makampuni ya reli yalikataa, kwa kuwa yalikuwa yamewekeza katika mabehewa ya mifugo hai na nauli yake ilikuwa nono zaidi. Swift akaunda mabehewa yake mwenyewe, vituo vyake vya barafu na maghala yake ya kuuzia. Nyama ikawa rahisi mijini. Lakini muungano wa namna hiyo una ncha mbili: kufikia mwanzo wa karne iliyofuata makampuni machache yalikuwa yamelishika soko la Marekani kiasi kwamba mfugaji hakuwa na pengine pa kuuza, na ilibidi sheria itungwe mwaka 1921 kuyadhibiti.

Denmark ilichagua njia tofauti, na kwa Usukuma ni mfano wa karibu zaidi kuliko Chicago. Mwaka 1887, Ujerumani ilipozuia kuingizwa kwa nguruwe hai, wakulima wadogo wa Denmark walijikuta na wanyama wasio na soko. Mwaka huo huo, mjini Horsens, walifungua machinjio ya ushirika. Kila mwanachama alijifunga kuyapelekea machinjio nguruwe wake. Alilipwa kwa uzito na ubora. Na faida iligawanywa kwa kadiri ya alichopeleka. Machinjio yalijua mapema yatapata nguruwe wangapi. Mkulima alijua kilo ya ziada italipwa. Hapakuwa na mtu mmoja aliyemiliki mnyororo wote, wala hapakuwa na aliyekuwa mgeni kwa mwenzake.

Wasukuma hawana haja ya kufundishwa ushirika na Wadenishi. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, walijenga mojawapo ya miungano mikubwa ya ushirika barani Afrika, na chanzo chake kilikuwa ni hasira juu ya mizani ya wanunuzi. Yafaa kujiuliza kwa nini hasira hiyo haikuhamia kwa ng'ombe. Labda ni kwa sababu ng'ombe hajapata kuwekwa juu ya mizani hata mtu akaona alivyopunjwa.

Yanayopotea njiani

Hasara ya mnyororo usioratibiwa si ya fedha peke yake. Imo ndani ya nyama yenyewe, na mwalimu wa baiolojia au kemia anaweza kuitumia kufundishia.

Msuli wa ng'ombe aliyepumzika na kula vizuri una akiba ya wanga uitwao glaikojeni. Baada ya kuchinjwa, akiba hiyo hugeuka kuwa asidi ya laktiki, nayo huishusha pH ya nyama kutoka karibu 7 hadi takriban 5.5 katika muda wa siku moja hivi. Uchachu huo huzuia bakteria wengi na huipa nyama rangi nyekundu inayovutia. Sasa mchukue mnyama aliyeswagwa tangu alfajiri, akalala mnadani bila maji, akapakiwa juu ya lori akisimama kwa zaidi ya siku nzima huku akipigwa na pembe za wenzake. Akiba yake imekwisha kutumika. Akichinjwa, hakuna cha kugeuka asidi. pH hubaki juu ya 6, na nyama huwa nyeusi, kavu, nayo huoza mapema. Mwenye bucha hulaumu mchinjaji. Mchinjaji hulaumu dereva. Hakuna anayelaumu mpangilio uliomfanya kila mmoja asiwe na sababu ya kumpumzisha mnyama.

Ngozi ina kisa cha kusikitisha zaidi. Wafugaji wengi huwapiga ng'ombe wao chapa ya moto ubavuni au mgongoni, yaani sehemu ile ile ambayo mtengeneza viatu anaithamini kuliko zote. Maafisa ugani wamewahutubia kwa miaka mingi waipige chapa shavuni au mguuni, na mahubiri hayo yameingia sikio moja na kutokea la pili. Je, wafugaji ni wakaidi? La. Ng'ombe ameuzwa mzima mzima kwa bei ya macho. Ngozi haikutajwa wala haikulipiwa. Na chapa ya ubavuni huonekana kwa mbali mwizi anapomswaga usiku. Kwa mfugaji, chapa hiyo ni hesabu sahihi. Hasara humwangukia mwenye kiwanda cha ngozi, ambaye naye hana njia ya kupeleka hata senti moja hadi Mwamapalala kumshukuru aliyepiga chapa shavuni. Kila mtu katika mnyororo huo amefanya linalomfaa, na taifa limepata ngozi yenye tundu.

Upande wa lishe mambo ni hayo hayo. Simiyu ni mkoa wa pamba, na palipo na viwanda vya kuchambua pamba na kukamua mafuta, hupatikana mashudu na maganda ya mbegu. Hayo ni chakula kizuri cha kunenepeshea ng'ombe kwa muda wa miezi mitatu hivi; tumbo la mnyama anayecheua hustahimili sumu ya gosipoli iliyomo katika mbegu ya pamba, ambayo ingemdhuru nguruwe au ndama mchanga. Wapo wafanyabiashara wa Kanda ya Ziwa wanaofanya kazi hiyo na kufaidika. Mashudu hupatikana kwa wingi baada ya msimu wa pamba, na msimu huo hufuatwa na kiangazi kikali, wakati ng'ombe wa kijijini wanapokonda na bei yao kuanguka. Maana yake lishe na mnyama anayeihitaji hukutana katika mwezi mmoja, ndani ya wilaya moja, wakapishana barabarani: mashudu yakienda mbali kwa lori na ng'ombe aliyekonda akienda mnadani. Wasukuma wenyewe wana hekima ya kale ya ngitili, kutenga malisho yasilishwe hadi kiangazi, na juhudi za hifadhi ya ardhi zilizoanza Shinyanga mwaka 1986 zilionyesha kwamba ngitili zaweza kurudi kwenye ardhi iliyokwisha kuwa jangwa. Ngitili humtunza mnyama asife, mashudu humnenepesha. Kinachokosekana ni mapatano kati ya mwenye ng'ombe, mwenye mashudu na mwenye machinjio, yakisema: ng'ombe 40, tarehe fulani, uzito usiopungua kiasi fulani, bei hii.

Pa kuanzia

Hatua ya kwanza haihitaji mfadhili. Halmashauri hutoza ushuru kwa kila ng'ombe anayeuzwa mnadani. Ni haki kabisa mlipa ushuru apate huduma, na huduma ya kwanza iwe mizani ya mifugo inayofanya kazi, iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, na ubao unaoonyesha bei za kilo katika masoko makubwa wiki hiyo. Ya pili iwe madaraja, hata yakiwa matatu tu, kwa umri na unene. Bodi ya Nyama, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2006, ina mamlaka ya kulisimamia jambo hilo.

Itajibiwa kwamba mizani ilikwisha kujaribiwa, na katika baadhi ya minada imebaki ikiota kutu kwa kuwa wanunuzi waliikataa. Ni kweli, na sababu yao isipuuzwe. Mnunuzi wa mnadani hudhaniwa kuwa mnyonyaji, lakini kwa hali ilivyo yeye ndiye mratibu pekee aliyepo. Simu yake ndiyo inayounganisha Itilima na Pugu. Mtaji wake ndio unaolipa taslimu. Ng'ombe akifa njiani hasara ni yake. Na lori likizuiliwa kwa sababu ya kibali, njaa ya ng'ombe ni yake pia. Kwa macho yake, bei ya kukadiria ni bima dhidi ya hatari hizo. Ukimletea mizani bila kumpunguzia hatari hata moja, ataikataa, naye ana haki. Mizani itakubalika pale itakapokuja pamoja na mnunuzi mwingine mwenye mkataba, kama vile kituo cha kunenepeshea au machinjio yanayolipa kwa uzito, ili mfugaji awe na mahali pa pili pa kuuza.

Kuna pingamizi zito zaidi. Mkulima wa Simiyu ataambiwa habari za chama cha wafugaji naye atakumbuka msimu wa pamba wa mwaka 2019, ambapo bei ya dunia ilianguka na wengi walikaa miezi kadhaa wakiwa na stakabadhi mkononi bila fedha. Stakabadhi, mizani na daraja vilikuwapo vyote. Kwa hiyo uratibu usiolipa ni mtego, na kwa ng'ombe ni mtego mbaya zaidi, kwa sababu ng'ombe ndiye benki ya kaya: huuzwa mtoto anapougua, au Januari mwanafunzi anapotakiwa kuripoti akiwa na sare, godoro na madaftari. Ada ya sekondari ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa mwaka 2016, lakini godoro halikufutwa. Mfugaji aliyepeleka ng'ombe Januari anahitaji fedha Januari. Chama chochote kitakachoahidi kulipa baada ya nyama kuuzwa kitamrudisha kwa dalali, na kitakuwa kimestahili. Ndiyo sababu ni afadhali kuanza na chama kidogo chenye mtaji wa kulipa ng'ombe kumi siku hiyo hiyo, kuliko muungano wa mkoa mzima unaolipa mia kwa ahadi.

Husemwa pia kwamba Msukuma hauzi ng'ombe, humtunza kwa fahari na mahari. Hoja hiyo ni ya zamani, na wataalamu wa kikoloni waliipenda kwa sababu iliwaondolea wajibu wa kutazama bei. Minada ya Usukuma hujaa kila mara inapofanyika. Kuweka akiba katika mnyama anayezaa, mahali ambapo benki iko mbali na mvua haina uhakika, ni busara. Na mtu mwenye busara hubadili akiba yake akionyeshwa hesabu.

Botswana yafaa kutazamwa kwa makini hapa, ingawa ni nchi yenye watu wachache na mazingira tofauti. Tume yake ya Nyama, yenye kiwanda Lobatse, kwa miongo mingi ililipa kwa uzito wa nyama na daraja lake, na kuanzia karibu mwaka 2000 ng'ombe wa nchi hiyo walimezeshwa kidude chenye namba, kikabaki tumboni maisha yao yote, ili mnunuzi wa Ulaya ajue asili ya kila kipande cha nyama. Baadaye tume hiyo ilipata hasara kubwa, na kuwa mnunuzi pekee wa nyama ya kupeleka nje hakukuisaidia kuwa makini na gharama zake. Mfumo wa utambuzi, hata hivyo, uliendelea kutumika.

Tanzania nayo imeanza. Sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo ilipitishwa mwaka 2010, na mwezi Juni 2025 kampeni ya taifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo ilizinduliwa mjini Bariadi, mwendo mfupi tu kutoka Mwamapalala. Ng'ombe anayechanjwa dhidi ya homa ya mapafu huvishwa hereni yenye namba. Kwa daktari wa mifugo namba hiyo ni kumbukumbu ya chanjo, na kwa polisi ni ushahidi dhidi ya mwizi, jambo ambalo kwa muda lingeweza kuiondolea chapa ya ubavuni sababu yake. Ingeweza pia kubeba uzito wa mnyama na tarehe ya sindano ya mwisho ya dawa, bila gharama kubwa ya ziada. Bado haijatakiwa kufanya hivyo.

Shule za sekondari za Itilima na Bariadi zaweza kuanza kabla ya Serikali. Kwa futi ya mshonaji, wanafunzi hupima mzingo wa kifua cha ng'ombe nyuma ya miguu ya mbele, na urefu kutoka bega hadi mfupa wa tako, vyote kwa sentimeta. Mzingo huzidishwa kwa wenyewe, kisha kwa urefu, na jibu likagawanywa kwa 10,840. Linalopatikana ni makisio ya uzito kwa kilo. Ng'ombe mwenye mzingo wa sentimeta 140 na urefu wa 120 atakisiwa kuwa na kilo 217, na karibu nusu ya hizo ndizo zitakazoning'inia machinjioni. Kanuni hiyo inatokana na ng'ombe wa Ulaya wasio na nundu. Kwa zebu wa Usukuma huenda ikakosea, na kujua inakosea kwa kiasi gani ni utafiti halali ambao kidato cha tatu kinaweza kuufanya. Kinachohitajika ni mizani moja ya kulinganishia, ruhusa ya wenye ng'ombe thelathini au arobaini, na daftari. Vipimo vichukuliwe Mei, majani yakiwa bado yapo, virudiwe Oktoba kwa wanyama wale wale, na matokeo yabandikwe kwenye ubao wa mnada siku ya soko.